Paka mnene mwenye kisukari: mwongozo kamili wa kumtunza nyumbani

Mara nyingi anayegundua kwanza ni yule anayesafisha beseni la mchanga. Mchanga uliokuwa ukiloa sehemu ya ukubwa wa kiganja sasa unaloa nusu ya beseni, na paka akikojoa pembeni, sisimizi wanajaa hapo kana kwamba pamemwagika soda. Ukiona hivyo, na paka mwenyewe ni dume aliyehasiwa, amevuka miaka 7, anashinda ndani na tumbo linakaribia kugusa sakafu, usisubiri mwezi uishe.

Haraka hiyo ina sababu. Kisukari cha paka kinafanana na kile cha aina ya pili kwa binadamu. Mafuta ya mwili huufanya mwili uwe mzito kuisikia insulini. Kila kilo moja paka anayoongeza hupunguza usikivu huo kwa takriban asilimia 30. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, mwishowe huzidiwa, sukari hupanda, na sukari hiyo iliyopanda ndiyo inayozidi kuzidhoofisha seli zinazotengeneza insulini. Mwanzoni seli hizo zimechoka tu, hazijafa. Ukiishusha sukari mapema ukazipumzisha, nyingine huamka na paka anaweza kuachana na sindano kabisa. Ukichelewa mwaka mzima, nafasi hiyo hupungua sana.

Hakikisha kwanza kwamba ni kisukari

Anza na maji. Paka mwenye afya hanywi zaidi ya mililita 50 hivi kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na anayekula chakula cha kopo hunywa kidogo sana kuliko hapo. Pima maji kwa kikombe cha vipimo, uyaweke kwenye bakuli lake, funika ndoo na funga mlango wa bafu. Weka bakuli la pili lenye kiasi kilekile mahali asipofika, juu ya kabati kwa mfano. Baada ya saa 24 pima kilichobaki kwenye yote mawili. Kilichopungua kwenye lile la juu kimekauka, kitoe kwenye hesabu. Paka wa kilo 6 akimaliza mililita 400, kuna jambo. Huenda ni kisukari, figo au tezi ya shingo, lakini kuna jambo.

Dalili nyingine ni kula kwa pupa huku mgongo na mapaja yakikonda. Hapa wenye paka wanene hudanganyika, kwa sababu tumbo huendelea kuning'inia na hakuna anayeamini kwamba amepungua. Mpapase uti wa mgongo kwa vidole badala ya kumtazama. Manyoya huwa makavu yenye mba. Kwa wengine mishipa ya fahamu huathirika, paka akawa anatembelea visigino, yaani miguu ya nyuma inalala chini hadi kwenye kifundo badala ya kusimama kwenye vidole.

Ukifika kwa daktari wa mifugo, kuna mtego mmoja. Paka aliyepakiwa kwenye kapu, akapitishwa kwenye foleni ya magari, kisha akakaa karibu na mbwa anayebweka, anaweza kusoma sukari zaidi ya 16 mmol/l (kipimo cha sukari kwenye damu) kwa woga tu. Kwa hiyo kipimo kimoja cha damu hakitoshi kumwanzishia insulini. Omba fruktosamini, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya wiki moja hadi mbili zilizopita, ambacho woga wa siku moja haukigusi. Maabara ikiwa haina, pima mkojo nyumbani siku mbili tatu mfululizo paka akiwa ametulia. Sukari huanza kumwagika kwenye mkojo ikizidi 14 hadi 16 mmol/l kwenye damu, na kwa paka mzima asiye na woga haipaswi kuonekana kabisa. Stripu za mkojo za binadamu zinafaa. Nunua zenye kisanduku cha sukari na cha ketoni, yaani mabaki ya mafuta yanayochomwa mwili ukikosa insulini. Mkojo unaupata kwa kuondoa mchanga na kuweka kokoto ndogo zilizooshwa na kukaushwa, au kwa kumtelezeshea upawa chini ya mkia anapochuchumaa. Wengi hawajali. Anayejali, mwachie kokoto.

Mwambie daktari dawa zote alizowahi kupewa. Sindano za steroidi za kutuliza muwasho wa ngozi, hasa zile zinazokaa mwilini wiki kadhaa, zinaweza kuanzisha kisukari kwa paka mnene. Vilevile achunguzwe figo, ini, tezi, meno, na mkojo uoteshwe kuangalia bakteria. Jino lililooza au maambukizi ya kibofu yanatosha kuifanya insulini isifanye kazi, ukabaki unapandisha dozi bure.

Kama mashine yako ya kupimia sukari inasoma mg/dl, gawanya kwa 18 upate mmol/l.

Insulini ipi, na bomba la sindano lipi

Zinazofaa paka ni za muda mrefu zinazodungwa kila baada ya saa 12. Glargine ya binadamu yenye yuniti 100 kwa mililita ndiyo inayopatikana kirahisi kwenye maduka makubwa ya dawa. Ipo pia ProZinc, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama, yuniti 40 kwa mililita, na Caninsulin, nayo 40, ambayo kwa paka wengi nguvu yake huisha kabla saa 12 hazijatimia. Ile insulini ya mchanganyiko wa 30/70 ambayo bibi anadunga nyumbani usimpe paka: huishusha sukari kwa kishindo, kisha huisha mapema.

Glargine inauzwa pia yenye yuniti 300 kwa mililita. Soma kasha. Ukivuta hiyo kwa bomba la kawaida, paka anapata mara tatu ya alichoandikiwa.

Makosa mengi makubwa hutokea kwenye bomba kuliko kwenye dawa. Bomba la insulini limechorwa kwa ajili ya nguvu fulani ya dawa. Insulini ya 100 inakwenda na bomba la U-100, ya 40 na la U-40. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la U-40, alama ya yuniti 1 inabeba yuniti 2.5, na paka anaweza kuanguka. Ukikosa bomba la U-40, hesabu ya kugeuza ni hii: yuniti 1 ya insulini ya 40 ni alama 2.5 kwenye bomba la U-100. Iandike kwenye karatasi, ibandike kwenye friji, na usimwachie mtu mwingine aikokotoe kichwani.

Kwa glargine tafuta bomba la mililita 0.3 lenye mistari ya nusu yuniti. Bomba la mililita 1 linalouzwa sana huwa na mstari mmoja kwa kila yuniti 2, na dozi ya paka ni yuniti 1. Huwezi kukisia nusu ya mstari mara mbili kwa siku, mwaka mzima.

Kama duka litakubali kuvunja boksi, nunua kalamu moja ya glargine (kifaa cha kudungia chenye dawa ndani) badala ya chupa. Kalamu ina mililita 3, yaani yuniti 300, na paka anayetumia yuniti 4 kwa siku hamalizi hata 120 katika siku 28 ambazo mtengenezaji anaruhusu baada ya kufunguliwa. Chupa ya mililita 10 utaimwaga zaidi kuliko utakayotumia. Kwa kuwa kalamu huruka yuniti nzima nzima, dozi za nusu vuta kwa bomba kupitia mpira wa mbele, bila kusukuma hewa ndani.

Hifadhi kati ya nyuzi 2 na 8, kwenye rafu ya katikati au ya chini. Mlangoni joto hupanda na kushuka kila friji inapofunguliwa. Karibu na chumba cha barafu dawa huganda, na iliyoganda hata mara moja ni ya kutupa. Umeme ukikatika, weka kalamu kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana pamoja na barafu iliyofungwa kwa taulo, ili isiguse dawa. Chungu cha udongo chenye mchanga mbichi kinasaidia Dodoma kwenye hewa kavu; Tanga au Mombasa unyevu ni mwingi, maji hayakauki haraka, hivyo hakipozi kiasi cha kutegemewa.

Glargine haitikiswi wala kuchanganywa na maji. Lazima iwe angavu kama maji. Ikiwa na wingu au chembe, tupa. ProZinc huviringishwa taratibu kati ya viganja. Caninsulin ndiyo inayotikiswa hadi iwe nyeupe sawasawa kama maziwa.

Kudunga

Chagua saa mbili zilizoachana saa 12. Kwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni hukaa vizuri, na hata mwezi wa Ramadhani ratiba haivurugiki: dozi ya asubuhi huja baada ya daku, ya jioni karibu na futari.

1. Weka chakula. Muone anakula kabla hujashika sindano.
2. Vuta dozi, geuza bomba sindano ikiwa juu, gonga kwa ukucha povu lipande, lisukume nje, kisha hakiki mstari kwenye mwanga. Kipovu kidogo hakimdhuru paka, ila kinakula nafasi ya dawa.
3. Akiwa anaendelea kula, vuta ngozi ya ubavuni au ya pembeni mwa tumbo iwe kama hema. Ngozi nene ya shingoni ni rahisi kushika, lakini damu yake ni chache na dawa hunyonywa ovyo. Kila siku badilisha upande.
4. Ingiza sindano kwenye mlango wa hema, sambamba na mwili au kwa kulalia kidogo, uwazi wa ncha ukitazama juu. Usiingize kwa woga polepole, ndiko kunakouma.
5. Sukuma, hesabu hadi tatu, toa.
6. Pitisha kidole pale ulipodunga, unuse. Manyoya yakiwa mabichi na yananuka dawa, sindano ilitokea upande wa pili.

Na hapo ndipo watu wanapokosea: wakihisi dawa imemwagika, wanadunga tena. Usirudie. Hujui kiasi gani kilimwagika, na dozi moja iliyokosekana itapandisha sukari kwa nusu siku tu, wakati dozi mbili zinaweza kumuua. Kanuni ni hiyohiyo mkishindwa kukumbuka kama baba alishamdunga au la. Weka kalenda ukutani, anayedunga aweke alama papo hapo.

Ukichelewa kama saa moja, dunga uendelee. Ukichelewa zaidi ya saa mbili au tatu, ruka, subiri zamu inayofuata. Akigoma kula au akitapika, pima sukari kwanza; huna kipimo, ruka dozi hiyo na umpigie daktari. Akigoma milo miwili mfululizo, mpeleke.

Bomba lililotumika lisirudiwe: ncha hupinda na huuma. Yatie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ikijaa ipeleke zahanati wakachome.

Dozi ya kuanzia ataandika daktari. Kwa paka wengi ni yuniti 1 kila baada ya saa 12, na hata paka wa kilo 8 haanzi na zaidi ya 2, kwa sababu inahesabiwa kwa uzito anaotakiwa kuwa nao, siyo alionao.

Chakula

Paka ni mla nyama. Mwili wake haukuumbwa kushughulikia wanga mwingi, na chakula kikavu kile cha punje hakiwezi kutengenezwa bila wanga kwa sababu ndio unaoshikanisha punje. Unachotafuta ni chakula ambacho chini ya asilimia 12 ya nguvu yake inatoka kwenye wanga. Makopo hayaandiki kiwango cha wanga, ila unaweza kukipata mwenyewe.

Chukua 100, toa protini, mafuta, nyuzinyuzi, unyevu na majivu (yaani madini). Kinachobaki ni wanga. Majivu yasipoandikwa, weka 2 kwa chakula cha kopo na 8 kwa kikavu. Kisha zidisha protini na wanga kwa 3.5, mafuta kwa 8.5, upate kalori katika gramu 100.

Kopo lenye protini 11, mafuta 5, nyuzinyuzi 0.5, unyevu 79 na majivu 2 linabaki na wanga 2.5. Protini inatoa kalori 38.5, mafuta 42.5, wanga 8.75, jumla karibu 90. Wanga ni 8.75 katika 90, yaani chini kidogo ya asilimia 10. Kinafaa. Sasa chukua kikavu chenye protini 32, mafuta 12, nyuzinyuzi 3, unyevu 8, majivu 8. Wanga ni 37, kalori jumla 343.5, na asilimia 38 ya kalori hizo ni wanga. Maneno yaliyoandikwa mbele ya mfuko, hata yakisema cha kupunguza uzito, hayabadilishi hesabu hii. Vyakula vingi vikavu vya kupunguza uzito hupunguza mafuta na kuacha wanga.

Makopo yanayouzwa kwa ajili ya paka wenye kisukari yapo, lakini ni ghali na hayapatikani kila mji. Kopo la kawaida la nyama laini isiyo na mchuzi mzito mara nyingi hufikia kiwango hicho. Mchuzi mzito ndio wenye unga.

Ugali na dagaa, chakula cha paka wengi huku kwetu, hapa haufai. Ugali ni wanga mtupu, na dagaa waliokaushwa huwa na chumvi. Maziwa yana sukari yake. Kuku wa kuchemsha bila chumvi ni mzuri kama kionjo au kwa siku moja mbili kopo likikosekana, ila hawezi kuwa chakula cha kudumu: nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha, na taurini, ambayo moyo na macho ya paka huitegemea, hupotelea kwenye maji ya kuchemshia. Ukitaka kupika nyumbani kwa muda mrefu, pata kichocheo chenye vipimo vya kalsiamu, taurini na vitamini kutoka kwa daktari. Kitunguu na kitunguu saumu visiguse sufuria hiyo. Huharibu chembe nyekundu za damu za paka.

Badilisha chakula kwa siku 7 hadi 10: robo cha kipya, nusu, robo tatu, halafu chote. Lakini kama tayari anadungwa insulini, usibadilishe bila kumwambia daktari na bila kupima sukari kila siku. Wanga ukiondoka, sukari hushuka yenyewe, na dozi iliyokuwa sahihi wiki jana inakuwa kubwa mno wiki hii. Paka wengi huanguka hapa, mwenye paka akidhani amefanya jambo jema tu.

Kumpunguza uzito

Kuna mpangilio wa kufuata: sukari kwanza, uzito baadaye. Paka ambaye sukari yake bado iko juu anapoteza kalori kwenye mkojo na anayeyusha misuli. Ukimpunguzia chakula wakati huo unamkondesha pabaya. Subiri unywaji wa maji ushuke na uzito usimame, kwa kawaida wiki kadhaa, ndipo uanze.

Daktari atampa alama ya mwili kati ya 1 na 9, ambapo 5 ndiyo sawa. Kila alama juu ya 5 ni takriban asilimia 10 hadi 15 za uzito wa ziada. Dume wa kilo 6.5 mwenye alama 8 amezidi kwa karibu asilimia 30, gawanya 6.5 kwa 1.3, uzito wake unaotakiwa ni kilo 5. Paka wa kilo 5 akiwa amepumzika anahitaji kalori 234 hivi kwa siku. Anzia hapo: kwa kopo letu la kalori 90, ni gramu 260 kwa siku, mlo wa asubuhi na wa jioni. Baada ya wiki tatu uzito usiposhuka, punguza taratibu, na usishuke chini ya asilimia 80 ya kiasi hicho, yaani kalori 187 au gramu 208. Pima chakula kwa mizani ya jikoni. Kijiko cha kukadiria ndicho kilichomfikisha hapo.

Mwendo mzuri ni asilimia 0.5 hadi 1 ya uzito kwa wiki. Kwa huyu ni gramu 30 hadi 65. Kilo 1.5 itachukua miezi saba hivi, na haina njia ya mkato: paka mnene anayekatiwa chakula ghafla mafuta hukimbilia kwenye ini na kulifunga, na hali hiyo huua haraka kuliko kisukari chenyewe. Paka mnene asiyekula saa 24 ni mgonjwa wa dharura.

Mizani ya bafuni, ile ya kujipima ukiwa umembeba kisha bila yeye, huruka kwa gramu 100. Huwezi kuona badiliko la gramu 50 kwa chombo hicho. Nunua mizani ndogo ya dijitali ya kuning'iniza inayosoma gramu 10, weka paka kwenye kapu, ning'iniza, kisha toa uzito wa kapu. Kila Jumapili kabla ya kula.

Nyumba ikiwa na paka wengine, au watoto wanaodondosha vitumbua, hesabu yote hii ni kazi bure hadi mlo wake uwe kwenye chumba chenye mlango.

Kupima sukari nyumbani

Kipimo cha nyumbani kinashinda cha kliniki kwa sababu hakina woga ndani yake. Utahitaji mashine, stripu, visindano vya kutobolea, pamba na taa. Mashine za binadamu husoma chini kidogo ya ukweli kwa paka. Iliyotengenezwa kwa wanyama ni sahihi zaidi, ila ya binadamu inatosha mradi utumie moja ileile na daktari ajue ni ipi.

Pasha sikio moto kwanza: soksi ndogo yenye mchele, sekunde chache kwenye maikrowevu au juu ya kifuniko cha chungu, ijaribu kwenye kifundo cha mkono wako, iwe vuguvugu tu. Shikilia kwenye sikio dakika moja. Ukimulika tochi upande wa pili utaona mshipa unaopita ukingoni. Toboa kati ya mshipa na ukingo, ukiwa umeweka pamba nyuma ili usijichome kidole. Tone la ukubwa wa kichwa cha pini linatosha. Gusisha ncha ya stripu kwenye tone. Bana kwa pamba hadi damu ikauke, kisha kipande cha kuku. Baada ya wiki mbili wengi huja wenyewe wakisikia mlio wa mashine, kwa sababu ya kuku.

Pima kabla ya kila dozi. Mara moja kila wiki moja au mbili fanya mfululizo: kabla ya sindano, halafu kila saa 2 hadi saa 12 zitimie. Unatafuta vitu viwili, sukari ilishuka hadi wapi na ilikaa chini muda gani. Sehemu ya chini kabisa ikiwa kati ya 5 na 8 mmol/l, na ya juu isizidi 14 au 15, mko pazuri. Ikishuka chini ya 5, mwambie daktari, dozi hupunguzwa. Kabla ya sindano ikiwa imesoma chini ya kiwango alichokuandikia, usidunge. Lishe, pima tena, piga simu.

Dozi hubadilishwa kwa nusu yuniti, isiwe mara nyingi kuliko kila siku 5 hadi 7. Glargine huchukua siku kadhaa kutulia. Anayepandisha dozi leo kwa sababu asubuhi ilisoma 20, akashusha kesho kwa sababu ilisoma 9, hatajua kamwe dozi ipi ilifanya nini.

Sukari ikianguka

Chini ya 3.5 mmol/l ni hatari, dalili ziwepo zisiwepo. Dalili zenyewe ni kuyumba kama mlevi, kukodoa macho, njaa ya ghafla au kulia ovyo, kutetemeka, kisha degedege.

Akiweza kumeza, mpe chakula papo hapo, safari hii hata kile chenye wanga. Akiwa amelegea, paka asali au maji mazito ya glukosi kwenye ufizi kwa kidole, kijiko cha chai kwa kidogo kidogo. Usimimine mdomoni, itaingia mapafuni; na akiwa na degedege usiweke kidole kati ya meno. Akizinduka mlishe, pima kila dakika 15 hadi itulie juu ya 5, ruka dozi inayofuata. Asipozinduka, endelea kupaka huku mkielekea kliniki. Chupa ndogo ya asali ikae kando ya mashine, si kabatini.

Upande wa pili wa hatari ni ketoni, mwili unapokosa insulini ukaanza kuchoma mafuta kupita kiasi. Paka hukataa chakula, hutapika, hulegea, na pumzi inaweza kunuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Stripu ya mkojo ikibadilika rangi kwenye kisanduku cha ketoni na paka hali, ni hospitali usiku huohuo, atahitaji dripu.

Kuhusu vidonge

Zipo dawa za kumeza za paka: bexagliflozin, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2022, na velagliflozin ya maji, Agosti 2023, zote mara moja kwa siku. Huiondoa sukari kupitia mkojo. Zimekusudiwa paka mpya anayekula vizuri ambaye hajawahi kutumia insulini, na zina hila yake: paka anaweza kuingia kwenye hatari ya ketoni huku sukari ya damu ikisoma kawaida, kwa hiyo ketoni hupimwa mara kwa mara wiki za mwanzo. Bila daktari wa kufuatilia, sindano ni salama zaidi. Vidonge vya kisukari vya babu viachwe kwa babu.

Siku ya kuacha insulini

Ikitokea, kwa kawaida ni ndani ya miezi sita ya mwanzo. Utaona sehemu ya chini inaanza kusoma 4 au 5 kwa dozi ileile, kisha daktari anashusha: 1.5, 1, nusu mara mbili kwa siku, nusu mara moja. Sukari ikibaki chini ya 8 kabla ya dozi kwa wiki nzima kwenye nusu yuniti, anaiondoa. Usiikate ghafla kutoka yuniti 2 kwa sababu ya siku moja nzuri.

Baada ya hapo pima kila siku wiki mbili, halafu mara moja kwa wiki miezi miwili, halafu mara moja kwa mwezi, pamoja na uzito. Chakula kibaki kilekile. Steroidi asipewe bila daktari kujua historia yake. Akirudi kukojoa sana, au akipanda nusu kilo, pima siku hiyohiyo, na insulini ikihitajika ianze wiki hiyohiyo.